Metalikoo: mwimbaji akiondoka tunaangua kilio, mtunzi akiondoka hatuna habari

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila bendi ya metalikoo inapotangaza kwamba mwimbaji wake kaondoka, mitandaoni linatandikwa jamvi la matanga. "Basi tena, bendi imekufa." Nimezichambua hizi bendi moja baada ya nyingine, na naona tunamlilia asiyestahili. Mwimbaji akiondoka, bendi mara nyingi inapona, na wakati mwingine inanenepa. Wa kuliliwa ni yule anayetunga rifu (vile vipande vya gitaa vinavyojirudia) na kukaa studio kuamua gitaa lilie vipi na dramu igonge vipi. Huyo akiondoka, hata jina likibaki lile lile kwenye fulana, unasikiliza bendi nyingine.

Kwa wageni, nipite haraka kwenye asili. Miaka ya 1990 huko Marekani, bendi kama Integrity ya Cleveland, Earth Crisis ya Syracuse na Converge ya Massachusetts zilichukua hasira ya hadikoo, ile panki iliyokazwa zaidi, zikaipandisha kwenye uzito wa metali, yaani roki nzito. Hiyo ndiyo metalikoo. Baadaye vijana wakakolea magitaa yenye melodi ya metali ya Gothenburg, Sweden, hasa baada ya At the Gates kutoa Slaughter of the Soul mwaka 1995. Kikaongezwa kitu cha tatu: mwimbaji ananguruma kwenye beti, kiitikio kinaimbwa kwa sauti safi ambayo hata dada yako asiyependa makelele anaweza kuifuatisha. Hicho kiitikio ndicho kilichofungua milango ya redio.

Halafu kuna brekidauni. Sikilizeni vizuri ikija: dramu inashuka hadi nusu ya mwendo, gitaa linazibwa na kiganja cha mkono wa kulia kwenye nyuzi, na kila pigo la gitaa linaangukia palepale penye pigo la dramu kubwa ya mguuni. Waya mnene umelegezwa hadi chini, kiasi kwamba kidole kimoja kikilazwa juu ya waya tatu unapata kodi (chord) nzima. Hakuna melodi hapo, ni mapigo na nafasi kati ya pigo na pigo. Kule mbele ya jukwaa watu wanafungua duara na kuanza kurushiana mikono. Asiyejua kutunga ataweka brekidauni kila baada ya sekunde thelathini, na utachoka kabla wimbo haujafika katikati. Anayejua anakunyima mpaka uitamani.

Kwa hiyo kazi kubwa ya metalikoo imelala kwenye mpangilio. Ndiyo maana nataka tuanze na Killswitch Engage.

#2

Mkuu shusha nondo, nimekaa siti ya mbele. Ila ukimkosea heshima Howard Jones, aliyewahi kuwaimbia hao Killswitch, humu hatutaelewana.

#3 (mleta uzi)

Tulia mkuu, Howard anakuja na heshima zake zote.

Killswitch Engage walianza mwaka 1999 huko Westfield, Massachusetts, kutoka kwenye mabaki ya bendi mbili. Mpiga besi Mike D'Antonio alitoka Overcast. Adam Dutkiewicz na Joel Stroetzel walitoka Aftershock. Wakamchukua Jesse Leach aimbe. Albamu ya kwanza ikatoka 2000, na ya pili, Alive or Just Breathing, ikatoka Mei 2002 chini ya lebo ya Roadrunner. Mashabiki wengi wanaihesabu hiyo kama msahafu wa metalikoo ya kizazi chake.

Albamu imetoka, ziara imeanza, Jesse akaondoka. Kwa barua pepe! Mwenyewe amesimulia mara nyingi: alikuwa ametoka kuoa, sonona ilimwelemea, na koo lilikuwa limechoka. Bendi yoyote ingesambaratika hapo, albamu iko dukani na sauti iliyoko kwenye albamu haipo.

Sasa mwangalieni Adam D, yaani huyo Dutkiewicz. Kwenye albamu zile mbili za mwanzo yeye ndiye mpiga dramu. Ndiye prodyuza pia, maana utayarishaji aliusomea chuo cha muziki cha Berklee, Boston. Baada ya albamu ya pili akaacha dramu, akashika gitaa, na dramu ikaenda kwa Tom Gomes, naye kutoka Aftershock. Kwenye nafasi ya Jesse wakamleta Howard Jones kutoka Blood Has Been Shed. Mwaka uliofuata Gomes akaondoka, akaja Justin Foley, naye kutoka bendi hiyo hiyo ya Howard. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi mwimbaji kabadilika, dramu imebadilika mikono zaidi ya mara moja, na jukwaani sasa kuna magitaa mawili.

Mwaka 2004 wakatoa The End of Heartache. Wimbo uliobeba jina la albamu ukateuliwa kuwania Grammy, na albamu ikafikia kiwango cha dhahabu Marekani, maana yake nakala nusu milioni. Bendi ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa na Jesse. Howard alikuwa na kifua kipana, sauti safi ya kumtoa mtu machozi, na mngurumo wa kutikisa kabati. Lakini ondoa sauti yake, sikiliza gitaa na dramu peke yake: ni mkono ule ule wa Alive or Just Breathing. Adam na wenzake hawakuwa wamekwenda popote.

Mwaka 2012 Howard akaondoka, afya ikiwa sehemu ya sababu, kisukari kilikuwa kinamsumbua. Akarudi nani? Jesse Leach. Hakurudi ghafla. Adam alikuwa ameandika nyimbo akiwa amelazwa baada ya upasuaji wa mgongo, akamwita Jesse aziimbe, wakatoa albamu mwaka 2011 kwa jina la Times of Grace. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa upande wa nyuma. Disarm the Descent ikatoka 2013 na hakuna aliyedai hela yake irudishwe.

Kilichonifurahisha zaidi ni 2019, kwenye albamu ya Atonement. Kuna wimbo unaitwa The Signal Fire, Jesse na Howard wanaimba pamoja. Wake wenza wamekaa jiko moja na hakuna sahani iliyovunjika.

#4

Hahaha, wake wenza! Mkuu umeniua.

Lakini ongeza na hili, maana Massachusetts ile ilikuwa kama ukoo. Mwimbaji wa Overcast, Brian Fair, alikwenda bendi nyingine, Shadows Fall. Aliyemwachia nafasi pale ni Phil Labonte. Labonte akawa na bendi yake, All That Remains. Jesse alipoondoka Killswitch, Labonte alikwenda kujaribiwa na hakupata. Halafu Howard alipokuwa hawezi kuendelea na ziara mwaka 2010, nani aliitwa kushikilia maikrofoni? Labonte huyo huyo.

#5 (mleta uzi)

Nakazia, mkuu. Na All That Remains walipotaka kutoka kimaisha na The Fall of Ideals mwaka 2006, mezani studio alikaa nani? Adam D.

Hapa ndipo hoja yangu inapopata miguu. Orodhesheni albamu za miaka ile. Parkway Drive, vijana wa Byron Bay, Australia, walisafiri mpaka Massachusetts kurekodi Killing with a Smile (2005) kwake, wakarudi kwake kwa Horizons (2007). Underoath wa Florida, Define the Great Line ya 2006, yumo. As I Lay Dying wa San Diego, An Ocean Between Us ya 2007, yumo, na ikaingia namba 8 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Mtu mmoja, anayevaa kaptura na vazi la ajabu begani jukwaani akifanya utani wa kijinga, ndiye aliyeamua jinsi metalikoo ilivyosikika masikioni mwetu kwa miaka kadhaa. Sisi tulikuwa tunagombana kuhusu waimbaji.

#6

Naheshimu uchambuzi, ila naona unavuta kamba upande wako. Umeitaja As I Lay Dying ukapita haraka kama mtu anayekwepa deni. Ile bendi inavunja hoja yako yote.

Mwimbaji Tim Lambesis alikamatwa Mei 2013 kwa kujaribu kumkodi mtu amuue mke wake. Mtu huyo kumbe alikuwa askari kanzu. Mwaka 2014 alikiri kosa, akahukumiwa miaka sita. Wenzake wanne, yaani hao hao watunzi na wapigaji unaowasifia, wakaunda Wovenwar na mwimbaji mwingine. Rifu zilikuwepo, mikono ile ile. Nani anaikumbuka Wovenwar leo? Lambesis alipotoka gerezani, bendi ikarudi 2018 na watu wale wale watano, ikatoa Shaped by Fire 2019, kumbi zikajaa.

Kama mtunzi ndiye bendi, mbona Wovenwar haikujaza kumbi?

#7

Hapo umepiga kwenye mshono. Mleta uzi, jibu.

#8 (mleta uzi)

Mkuu wa #6, swali lako ni zito na nalijibu kwa vipande viwili.

Kwanza, jina. As I Lay Dying ilianzishwa na Lambesis, yeye na mpiga dramu Jordan Mancino ndio walioibeba mwanzoni kabla ya wengine kuja. Shabiki ananunua tiketi kwa jina lililoandikwa kwenye bango. Wovenwar walikuwa na mikono, hawakuwa na bango. Hilo ni suala la biashara, na mimi nazungumzia kinachosikika ukifumba macho.

Pili, tazama kilichofuata. Baada ya ile 2019, mmoja mmoja wakaanza kutoka: Nick Hipa, Mancino, Josh Gilbert. Wakaingizwa wengine. Oktoba 2024, mwezi mmoja kabla albamu mpya haijatoka, wakatoka kwa mkupuo: Phil Sgrosso mpiga gitaa wa siku nyingi, Ken Susi, Ryan Neff na mpiga dramu Nick Pierce. Akabaki Lambesis na jina lake. Through Storms Ahead ikatoka Novemba huku waliopiga vyombo wameshafunga mizigo. Sasa niulize na mimi: wanaolilia As I Lay Dying leo wanalilia nini? Wanalilia magitaa ya Hipa na Sgrosso.

Nakupa nusu ya hoja. Mwenye jina anaweza kuishi muda mrefu kuliko muziki wake.

#9

Kuna dada yenu humu anasoma kimya kimya, leo nimeona nichangie. Mbona hamjaitaja Architects? Au mnaiogopa?

#10 (mleta uzi)

Dada, nilikuwa naiweka akiba, maana hiyo haizungumzwi juu juu.

Architects ni ya Brighton, Uingereza, ilianza 2004. Kiini chake kilikuwa mapacha, Tom Searle kwenye gitaa na Dan Searle kwenye dramu. Mwimbaji wa kwanza, Matt Johnson, aliondoka 2007 akaja Sam Carter. Ona, mwimbaji alibadilika baada ya albamu moja tu na leo wengi humu hawajui hata kwamba kulikuwa na mwingine kabla ya Sam.

Muziki aliutunga Tom. Ile mitindo ya gitaa inayokatika katika na kurudi pale usipoitegemea, halafu chini yake kuna vinanda vizito vya huzuni, ni kichwa chake. All Our Gods Have Abandoned Us ilitoka Mei 2016 wakati Tom anaumwa saratani ya ngozi. Tarehe 20 Agosti mwaka huo akafariki, ana miaka 28.

Hilo ndilo pengo ninalolizungumzia. Mwimbaji yupo, mzima, sauti yake imeiva. Jina lipo. Aliyeondoka ni yule anayejua wimbo unaofuata utaanzaje. Na Dan amepoteza pacha.

Walichofanya: mwaka 2017 walitoa Doomsday, wimbo ambao Tom alikuwa ameuanza, Dan akaumalizia. Wakamwingiza Josh Middleton wa Sylosis kwenye gitaa, fundi kweli kweli. Novemba 2018 ikatoka Holy Hell. Ukiisikiliza kwa makini unasikia watu wanaoandika kwa mwandiko wa aliyeondoka, kwa makusudi. Nyimbo kadhaa ni kali mno. Halafu albamu iliyofuata, For Those That Wish to Exist ya 2021, wakaacha kuuiga ule mwandiko. Viitikio vikawa vipana, sauti safi nyingi, magitaa yakarudi nyuma. Ikashika namba 1 Uingereza.

Mashabiki wa zamani wakalalamika kwamba Architects wamelainika. Mimi nawaambia, mlitaka Dan aendelee kumwigiza marehemu ndugu yake hadi lini?

#11

Asante kaka. Holy Hell naisikiliza hadi leo, lakini si kila siku. Inahitaji uwe umejiandaa.

#12

Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Mnaongea za Massachusetts na Brighton kana kwamba huku hakuna kitu. Sisi tuko na Last Year's Tragedy, metalikoo kabisa, wamepiga gigi miaka mingi sana hapa. Na hayo mambo ya kuhama bendi pia yako huku. Bendi ya Duma walikuwa wawili, Martin Khanja, yule Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hadi wazungu wakachanganyikiwa. Si metalikoo, ni vurugu zaidi. Saa hii Spikeheart yuko peke yake, ametoa The Adept 2024 kwa lebo yake mwenyewe.

#13 (mleta uzi)

Nairobi mko vizuri, siwapingi. Duma pia inanipa nguvu: walipokuwa wawili, Karugu ndiye aliyekuwa kwenye gitaa na mashine, na The Adept ina watayarishaji wengine. Sauti ya Spikeheart ni ile ile ya kutisha, ila chini yake pamebadilika. Isikilizeni moja baada ya nyingine mtaona.

Na kwa ndugu zetu wa Dubai mnaosoma huku mkisubiri zamu ya kazi: Asking Alexandria ya kwanza ilizaliwa hapo hapo mlipo. Ben Bruce, kijana wa Kiingereza aliyekulia Dubai, alianzisha bendi ya jina hilo huko, akarudi Uingereza mwaka 2008 akaacha watu wote na kubeba jina peke yake, akakusanya wengine York. Hao wa pili ndio waliotoa Stand Up and Scream mwaka 2009. Mwimbaji Danny Worsnop akaondoka Januari 2015, akaja Denis Stoff kutoka Ukraine, wakatoa The Black mwaka 2016, na kabla mwaka huo haujaisha Danny akarudi. Sasa Ben mwenyewe, aliyebeba jina kutoka Dubai, ameondoka Januari 2024. Hiyo ndiyo ya kuitazama kwa karibu, si zile sarakasi za Danny.

#14

Mkuu mbona umewasahau wanawake? Spiritbox je?

#15 (mleta uzi)

Spiritbox ni somo la aina yake kwa sababu wao walikataa kurithi.

Courtney LaPlante aliingia iwrestledabearonce, bendi ya Louisiana, mwaka 2012 katikati ya Warped, ile ziara ya bendi nyingi kwa pamoja, kuchukua nafasi ya Krysta Cameron. Fikiria unakabidhiwa maikrofoni na umati uliomjia mwingine. Mike Stringer naye akaingia kwenye gitaa baadaye. Bendi ilipofika mwisho, wangeweza kuendelea kulikamua lile jina. Hawakufanya hivyo. Wakahamia kwenye jina jipya huko British Columbia, Kanada, wakaanza chini kabisa: yeye anaimba, mumewe Stringer anatunga gitaa. Wimbo wa Holy Roller ukawalipukia mwaka 2020, dunia imejifungia ndani kwa Uviko. Eternal Blue ikatoka Septemba 2021, ikaingia namba 13 kwenye Billboard 200. Albamu ya kwanza hiyo.

Mpiga besi Bill Crook alipoondoka 2022, nani kaingia? Josh Gilbert, yule yule aliyetoka As I Lay Dying. Mkuu wa #6, unaona watu wako wanavyopata kazi?

#16

Nimeona, na nusu ya hoja uliyonipa bado naishikilia 😄. Ila kuna bendi moja inakusumbua, na ndiyo kubwa kuliko zote. Bring Me the Horizon. Pale mtunzi ni nani? Oli Sykes yuko tangu 2004 Sheffield na ni mwimbaji.

#17 (mleta uzi)

Nilijua itafika tu.

Bring Me walianza na makelele matupu, Count Your Blessings ya 2006. Lee Malia kwenye gitaa, Matt Kean besi, Matt Nicholls dramu, wapo mpaka leo pamoja na Oli. Curtis Ward, gitaa la pili, aliondoka 2009. Akaja Jona Weinhofen kutoka I Killed the Prom Queen ya Australia, akakaa mpaka mwanzoni mwa 2013. Hao wawili walipoondoka bendi haikuyumba.

Aliyeigeuza ni mtu aliyekuja kupiga kinanda, Jordan Fish, mwaka 2012. Weka albamu ya There Is a Hell ya 2010 kisha weka Sempiternal ya 2013. Mwimbaji yule yule, dramu ile ile, gitaa lile lile la Lee. Lakini wimbo wa Can You Feel My Heart wa hiyo Sempiternal unaanza na sauti ya mtu iliyokatwa na kutandazwa kwenye mashine kama ala, na gitaa linasubiri zamu yake. Hiyo ni meza ya Fish na Oli. Kufikia That's the Spirit ya 2015 utayarishaji walikuwa wanaufanya wao wawili. Fish alikaa kwenye bendi zaidi ya miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo wakatoka kumbi za vijana hadi Royal Albert Hall na okestra mwaka 2016.

Desemba 2023 Fish akaondoka. Matanga yalikuwa madogo sana ukilinganisha na yale ya Danny Worsnop. Mtu wa kinanda bwana, nani anamlilia?

#18

Lakini Nex Gen ilitoka Mei 2024 na ni kali. Kwa hiyo bila Fish wanaweza.

#19 (mleta uzi)

Kali kweli, sibishi. Ila albamu ile ilikuwa jikoni muda mrefu na Fish alikuwa humo kwenye nyimbo kadhaa kabla hajaondoka. Hesabu yangu inaanzia na albamu itakayofuata.

Wakati tunasubiri, tafuteni The Sky, the Earth & All Between ya Architects, ilitoka Februari 2025. Prodyuza ni Jordan Fish. Sikilizeni vinanda na namna sauti ya Sam ilivyokatwa, halafu njooni mniambie mmesikia bendi gani humo ndani.

#20

Naenda kuisikiliza sasa hivi na earphone zangu. Nikikuta umetudanganya narudi hapa na wanangu.

#21

Mkuu wa #20 ukirudi nitag. Na mleta uzi, unatudai Parkway Drive: watu wale wale watano tangu 2006, alipoingia Jia O'Connor kwenye besi, na bado muziki wao wa leo haufanani hata kidogo na Horizons. Hapo hakuna aliyeondoka. Tueleze.